Hablaría, comería, viviría: Namna Kihispania kinavyosema «ninge-»

Kitenzi cha kawaida cha Kihispania kinapotiwa katika hali ya masharti hubeba ndani ya neno moja kile ambacho Kiswahili hukieleza kwa kiambishi -nge-. Hablar ni kusema. Hablaría ni ningesema. Comer ni kula. Comería ni ningekula. Vivir ni kuishi. Viviría ni ningeishi. Nyakati za kitenzi cha Kihispania ni nyingi na baadhi yake humtoa mwanafunzi jasho, lakini huu una umbo jepesi kuliko karibu zote: viishio sita tu, vilevile kwa vitenzi vya kila kundi. Ugumu wake haumo katika kuliunda neno. Umo katika kujua mahali pa kuliweka ndani ya sentensi, na hapo ndipo msemaji wa Kiswahili, ambaye tayari ana -nge- yake kinywani, hukosea upesi kuliko anavyotarajia.

Kamusi za Kihispania huorodhesha vitenzi kwa umbo la kitenzi-jina, yaani lile linalolingana na kusema, kula au kuishi. Kiswahili hulitambulisha umbo hilo mwanzoni, kwa ku-. Kihispania hulitambulisha mwishoni, kwa herufi r. Kabla ya r hiyo pana irabu moja kati ya tatu: a, e au i. Ndiyo sababu vitenzi vyote hugawanywa katika makundi matatu. Kuna vya -ar, kama hablar, comprar (kununua), viajar (kusafiri) na trabajar (kufanya kazi). Vya -er, kama comer, beber (kunywa) na vender (kuuza). Na vya -ir, kama vivir, abrir (kufungua) na escribir (kuandika). Kundi la -ar ndilo kubwa kupita mengine, na vitenzi vipya vinavyoingia katika lugha, vikiwemo vya kompyuta na simu, karibu vyote hujiunga nalo.

Katika wakati uliopo makundi hayo huachana. Mwanafunzi hukata -ar, -er au -ir, kisha hupachika viishio kulingana na kundi: hablo, hablas, habla kwa la kwanza, como, comes, come kwa la pili, vivo, vives, vive kwa la tatu, na wingi nao una tofauti zake. Wakati uliopita vivyo hivyo. Katika hali ya masharti hakuna kinachokatwa. Kitenzi-jina hubaki kizima, na r yake, halafu hufuatiwa na kimojawapo cha viishio hivi: -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. Kwa hablar, basi, yo hablaría ni ningesema, tú hablarías ni ungesema, él hablaría au ella hablaría ni angesema, nosotros hablaríamos ni tungesema, vosotros hablaríais ni mngesema, na ellos hablarían ni wangesema. Anayeyajua maumbo hayo sita anajua pia comería, comerías, comería, comeríamos, comeríais, comerían, na viviría, vivirías, viviría, viviríamos, viviríais, vivirían. Irabu ya kundi, yaani a, e au i, imekwisha kuwemo ndani ya kitenzi-jina, kwa hiyo viishio havina haja ya kubadilika ili kuionyesha.

Maumbo sita hayo hayatumiki sawa kila mahali. Vosotros, ambayo ni ninyi ya watu wanaozoeana, huishi hasa Uhispania. Meksiko, Kolombia, Peru na nchi nyingine zote za Amerika zinazosema Kihispania hutumia ustedes kwa kila kundi la watu, wawe marafiki au wageni, na ustedes huchukua umbo la wao: ustedes hablarían. Mtu mmoja anayestahili heshima huitwa usted, neno lililotokana na vuestra merced, namna ya zamani ya kumtaja mkubwa kwa fadhila yake badala ya kumwita wewe. Kwa kuwa aliyetajwa kisarufi ni fadhila na si yeye mwenyewe, usted hubeba umbo la nafsi ya tatu: usted hablaría. Argentina na Uruguay nako watu huambiana vos mahali pa tú. Neno hilo hukibadilisha kitenzi katika wakati uliopo, lakini katika hali ya masharti halileti jipya: vos hablarías, sawasawa na tú.

Jambo moja hapa humsumbua msikilizaji. Umbo la mimi na la yeye ni lilelile, hablaría. Kiswahili hakijui utata huo, kwa sababu ni- na a- hazifanani hata kidogo. Kihispania kwa kawaida huacha kiwakilishi cha mtenda, maana kiishio chenyewe kinamtaja. Lakini pale ambapo hablaría inaweza kuwa ya mimi, ya yeye au hata ya bwana anayeongeleshwa kwa heshima, msemaji hurudisha yo, ella au usted ili aeleweke. Fidia yake ni kwamba vitu havina upatanisho wa ngeli. Kitabu kingeanguka, mti ungeanguka, jiwe lingeanguka: Kihispania hutosheka na caería kwa vyote. Ukanushaji pia ni mwepesi. Mahali ambapo Kiswahili husema nisingesema au singesema, Kihispania hutanguliza no na kukiacha kitenzi kama kilivyo: no hablaría.

Neno lenyewe likipasuliwa huonyesha mpangilio ulio kinyume cha ule wa Kiswahili. Katika tungesema nafsi imetangulia (tu-), hali ikafuata (-nge-), na mzizi umekuja mwisho (-sema). Katika hablaríamos mzizi umetangulia (habl-), ikafuata irabu ya kundi (-a-), kisha alama ya hali (-ría-), na nafsi imefunga neno (-mos). Alama hizo za nafsi hazikutengenezwa kwa ajili ya wakati huu peke yake: -s ya wewe, -mos ya sisi, -is ya ninyi na -n ya wao hurudi katika karibu kila wakati wa kitenzi cha Kihispania. Anayezitambua hana tena cha kukariri isipokuwa -ría-.

Kwa matamshi, msemaji wa Kiswahili anaanza na faida. Herufi h ya hablar haitamkwi, na r moja iliyo kati ya irabu husikika kama ile ya habari. La maana zaidi ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hablaría, ikigawanywa ha-bla-rí-a, inautaka mkazo papo hapo, kwenye rí. Hablarías na hablarían zinafuata mwendo huo. Hablaríais pia, kwa kuwa ais hutamkwa kama silabi moja. Umbo moja tu ndilo linalokwenda kinyume na mazoea ya Kiswahili: hablaríamos, ha-bla-rí-a-mos, ambalo mkazo wake uko silabi ya tatu kutoka mwisho. Ulimi uliozoea Kiswahili hutaka kusema hablariámos, na kosa hilo ni la kuangaliwa mapema kabla halijawa tabia.

Alama iliyo juu ya í si pambo. Kwa kanuni za tahajia ya Kihispania, i isiyo na alama ikikaa pembeni mwa a huungana nayo kuwa silabi moja, kama ilivyo katika jina la mji wa Murcia. Alama inazitenganisha na kuonyesha kwamba mkazo uko kwenye i. Maumbo yote sita huandikwa nayo, bila kuacha hata moja, na kuiacha ni kosa la tahajia hata katika barua ya kawaida. Vitenzi vichache ambavyo kitenzi-jina chake tayari kina alama, kama oír (kusikia) na reír (kucheka), huipoteza ile ya mwanzo na kubaki na hii mpya: oiría, reiría.

Jinsi umbo hili lilivyopatikana ni habari inayostahili nafasi, kwa kuwa inaeleza kwa nini kitenzi-jina kimebaki kizima. Kilatini, lugha iliyokizaa Kihispania, hakikuwa na wakati wa aina hii. Mambo ya kudhania kiliyaeleza kwa njia nyingine. Katika mazungumzo ya watu wa kawaida wa karne za mwisho za Dola ya Roma, hata hivyo, ulienea mtindo wa kuunganisha kitenzi-jina na kitenzi habere, yaani kuwa na. Cantare habeo ilimaanisha nina la kuimba, yaani nimepaswa kuimba, na polepole ikawa nitaimba. Cantare habebam ilikuwa nilikuwa na la kuimba: jambo ambalo, ukilitazama kutoka wakati uliopita, lilikuwa bado mbele. Kwa kusemwa haraka kizazi baada ya kizazi, habeo ilisinyaa ikabaki é, na habebam ikabaki ía. Ya kwanza ilizaa cantaré, wakati ujao. Ya pili ilizaa cantaría, hali ya masharti. Kireno na Kifaransa vilipita njia hiyohiyo. Kiitaliano kilichagua wakati mwingine wa kitenzi habere, na ndiyo maana nafsi yake ya tatu ni canterebbe.

Mwendo wa namna hii, wa kitenzi kizima kusagika hadi kuwa kiambishi, haumshangazi anayekijua Kiswahili vizuri: -ta- ya wakati ujao ilitokana na kitenzi taka, na mabaki yake bado yanaonekana katika atakayekuja.

Kiungo kati ya kitenzi-jina na ía kilichukua muda mrefu kukaza. Katika Kihispania cha zama za kati kiwakilishi cha mtendwa kiliweza kuingia katikati yao. Badala ya lo compraría, yaani ningekinunua, waandishi waliweza kuandika comprar lo ía, vipande vitatu vinavyoonekana waziwazi. Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi yake ya Kikastilia, yaani Kihispania, mwaka 1492, alikwisha kuona kwamba maumbo haya yameundwa kwa kitenzi-jina pamoja na haber. Kihispania cha leo hakiruhusu tena kitu chochote kupita katikati. Kiwakilishi hutangulia, kama neno la pekee: lo compraría, te escribiría (ningekuandikia), me levantaría (ningeamka). Kireno cha maandishi rasmi bado kimelihifadhi umbo la kale, comprá-lo-ia. Kiswahili nacho huweka mtendwa ndani ya kitenzi, katika ningekinunua, ingawa kwa mpangilio wake chenyewe.

Vitenzi vinavyovunja utaratibu ni vichache na vinafahamika. Baadhi hudondosha irabu ya kitenzi-jina: poder (kuweza) huwa podría, saber (kujua) huwa sabría, querer (kutaka) huwa querría, haber huwa habría, na caber (kutosha mahali) huwa cabría. Vingine huweka d mahali pa irabu iliyodondoka: tener (kuwa na) tendría, poner (kuweka) pondría, venir (kuja) vendría, salir (kutoka) saldría, valer (kugharimu, kufaa) valdría. Viwili vinafupishwa zaidi: hacer (kufanya) haría, decir (kusema jambo) diría. Ukiongeza vile vinavyozaliwa na hivyo, kama mantener na proponer, orodha imekaribia kwisha, na viishio vyake ni vilevile sita. Linalostahili kutiliwa maanani zaidi ni upande wa pili. Ser na estar, vitenzi viwili vya kuwa, pamoja na ir (kwenda), dar (kutoa) na ver (kuona), ambavyo katika wakati uliopo au uliopita hujigeuza hadi visitambulike, hapa vimetulia kabisa: sería, estaría, iría, daría, vería.

Hatari iliyopo ni ya kuchanganya umbo hili na majirani zake. Vitenzi vya -er na -ir vina wakati uliopita wa mazoea unaoishia vilevile kwa -ía: comía ni nilikuwa nikila, vivía ni nilikuwa nikiishi. Kinachotofautisha comía na comería ni silabi moja tu, ile yenye r. Sababu ni ileile ya kihistoria: había, iliyosagika ikawa kiishio cha masharti, ni wakati uliopita wa mazoea wa haber. Kitenzi querer kinahitaji sikio kali zaidi, kwa kuwa quería (nilikuwa nataka) na querría (ningetaka) hutengwa na mtetemo wa ulimi peke yake: r moja hupigwa mara moja, rr hutetemeshwa. Kwa vitenzi vya -ar hatari hiyo haipo, maana wakati huo kwao ni hablaba.

Matumizi ya kwanza ya hali ya masharti ndiyo yaliyoipa jina: kueleza jambo ambalo lingetokea kama jingine lingekuwapo. Hapa mipango ya lugha hizi mbili inakaribiana kwa namna ya kupendeza, kisha inaachana ghafla. Mfano wa ganar (kushinda) na viajar unaonyesha daraja zote tatu. Nikishinda, nitasafiri: si gano, viajaré. Ningeshinda, ningesafiri: si ganara, viajaría. Ningalishinda, ningalisafiri: si hubiera ganado, habría viajado. Daraja la kwanza ni la jambo linalowezekana, la pili ni la kudhania tu, la tatu ni la lililokwisha kupita bila kutokea. Tofauti iko katika daraja la pili na la tatu. Kiswahili hurudia kiambishi kilekile pande zote mbili, -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-, na walimu wa sarufi husisitiza ulinganifu huo. Kihispania kinaukataza. Baada ya si, yaani kama ya sharti, hali ya masharti haikai; kitenzi hutiwa katika hali tegemezi ya wakati uliopita, ganara, na viajaría hubaki upande wa matokeo peke yake.

Kwa hiyo mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huunda si ganaría, viajaría kwa urahisi mkubwa, kwa kuwa kichwani mwake pande hizo mbili zinalingana. Sentensi hiyo inaeleweka, lakini Kihispania sanifu kinaihesabu kuwa kosa, tena kosa linalosikika haraka. Dawa yake ni kujifunza hablara mara tu baada ya hablaría, bila kungoja sura nyingine ya kitabu. Huundwa kwa kuchukua nafsi ya wao ya wakati uliopita na kubadili -ron kuwa -ra: ganaron, ganara, comieron, comiera, vivieron, viviera. Kuna pia kiishio mbadala, -se, kama katika ganase, chenye maana ileile katika sentensi za sharti ila hakisikiki sana Amerika.

Mwanafunzi huyo, hata hivyo, hayuko peke yake duniani. Kaskazini mwa Uhispania, katika Nchi ya Basque na maeneo jirani ya Navarra, La Rioja na Burgos, watu waliozaliwa na Kihispania husema si ganaría tangu utotoni, na usemi huo huwaponyoka wasomi pia katika mazungumzo. Shule zinawasahihisha, magazeti yanaepuka, na usemi unaendelea. Jambo hilo linaonyesha kwamba katazo la Kihispania ni desturi ya lugha na wala si amri ya mantiki. Mantiki ya kulinganisha pande mbili, ambayo ndiyo ya Kiswahili, ina wafuasi wake huko pia.

Katazo lenyewe lina mpaka. Si inapobeba swali na wala si sharti, hali ya masharti inaruhusiwa: no sé si Ana aceptaría, sijui kama Ana angekubali. Kipimo kizuri ni kujaribu kuiondoa kama. «Ningeshinda, ningesafiri» husimama bila kama, hivyo ni sharti. «Sijui Ana angekubali» hubaki ikining'inia, hivyo ni swali. Na si lazima sharti litajwe kwa si. Yo en tu lugar, hablaría con ella humaanisha ningekuwa mahali pako, ningezungumza naye, ingawa upande wa sharti hauna kitenzi hata kimoja.

Kwa mambo yaliyokwisha kupita hutumika habría pamoja na kitenzi kilichokamilika: habría hablado, ningalisema, habría comido, ningalikula, habría vivido, ningaliishi. Vitenzi vya -ar huishia -ado, vya -er na -ir huishia -ido. Katika mazungumzo wengi huweka hubiera mahali pa habría, si hubiera ganado, hubiera viajado, na hapo Kihispania, tena kwa idhini ya sarufi sanifu, kinarudia umbo moja pande zote mbili kama Kiswahili. Daraja pia huchanganywa pale maana inapotaka: si hubiera estudiado, hoy trabajaría en el banco, ningalisoma, leo ningekuwa nafanya kazi benki.

Matumizi ya pili hayana sharti lolote ndani yake. Ana dice que llegará ni Ana anasema kwamba atafika. Kauli hiyo ikihamishiwa jana, Kihispania hubadilisha vitenzi vyote viwili: Ana dijo que llegaría. Kiswahili mara nyingi huacha -ta- mahali pake, Ana alisema kwamba atafika, na mwanafunzi anaweza kufuata mtindo huo akakosea. Hapa hali ya masharti inafanya kazi yake ya asili, ya cantare habebam: wakati ujao ulioonwa kutoka wakati uliopita. Waandishi wa wasifu huipenda sana. Gabriel García Márquez nació en Aracataca en 1927, y cuarenta años después publicaría Cien años de soledad: alizaliwa Aracataca mwaka 1927, na miaka arobaini baadaye angekuja kuchapisha kitabu hicho. Hakuna shaka kwamba alikichapisha. Publicaría inaonyesha tu kwamba, kwa kusimama mwaka 1927, jambo hilo lilikuwa bado mbele.

Kwa sababu ya matumizi hayo wanasarufi hawajakubaliana jina. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas aliyefanya kazi Chile, katika sarufi yake ya mwaka 1847 iliyowalenga watu wa Amerika, aliuita wakati huu pospretérito, yaani unaokuja baada ya uliopita, na shule za Meksiko bado zinamfuata. Akademia ya Kifalme ya Uhispania kwa miongo mingi iliuweka kando kama hali ya pekee, kwa jina la potencial, kisha katika rasimu ya sarufi iliyotoa mwaka 1973 ikauingiza miongoni mwa nyakati za kawaida kwa jina la condicional. Bello alikuwa na hoja nzuri zaidi, ila jina la condicional ndilo lililoshinda katika vitabu vya wageni, na ndilo mwanafunzi atakalokutana nalo.

Kutoka katika matumizi hayo ya pili umbo hili liliingia katika kukisia mambo ya zamani. Serían las diez cuando llamó humaanisha huenda ilikuwa saa nne alipopiga simu; mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili akumbuke kwamba diez ya Kihispania ni saa nne yetu. Kiswahili hapa hakitumii -nge- kamwe, hivyo anayetafsiri neno kwa neno atapata «ingekuwa saa nne», sentensi yenye maana nyingine kabisa.

Katika adabu, kinyume chake, lugha hizi mbili zinakutana bila taabu. Ningependa kuzungumza na mkurugenzi ni me gustaría hablar con el director. Anayeomba kwa -nge- anampa mwenzake nafasi ya kukataa bila kuaibishana, na Kihispania hufikiri hivyohivyo. ¿Me ayudaría? humwomba msaada mtu wa heshima, ¿le importaría cerrar la puerta? humwomba afunge mlango, na deberías descansar humshauri rafiki apumzike bila kumwamrisha. Gustar ina mtego wake: kinachopendwa ndicho mtenda wa kisarufi, kwa hiyo kahawa moja ni me gustaría un café, na vitu viwili vikipendwa kitenzi huingia wingi, me gustarían. Yo gustaría kwa maana ya ningependa haisemwi.

Yapo pia matumizi ya magazetini, ambayo miongozo ya uandishi ya Uhispania huyakemea lakini vyombo vya habari vya Amerika ya Kusini huyatumia kila siku. El ministro renunciaría mañana, ikisomwa kwa macho ya sarufi peke yake, ni waziri angejiuzulu kesho, na msomaji atabaki akitafuta sharti ambalo halipo. Mhariri wa Dar es Salaam au Nairobi angeandika inadaiwa, au inasemekana. Anayesoma gazeti la Bogotá au Buenos Aires akikuta renunciaría au habría firmado bila sharti lolote karibu, aichukulie habari hiyo kuwa haijathibitishwa.